Feni ya umeme kwenye pikapu: maendeleo ao mapambo?

Wasomi wenzangu, kuna wazo linazunguka kwenye garaji zetu za Goma: eti feni inayozungushwa na mkanda ni ya zamani, mwenye pikapu aitoe, aweke ya umeme, mafuta yatapungua na injini itapata nguvu. Wazo lina ukweli ndani, lakini ukweli huo ni wa barabara nyingine.

Tulipe kwanza haki yake. Feni ya mkanda inakula nguvu ya injini. Ya umeme inawaka pale maji yamepata moto, na gari likienda mbio kwenye lami, upepo wenyewe unapoza radieta. Tena kwenye msongamano wa Birere, injini ikizunguka polepole, feni ya mkanda nayo inapunguza. Ya umeme inapuliza kwa nguvu yake yote.

Bon, tuone wanachosahau.

Kwanza, kwenye Land Cruiser 79 ya injini 1HZ, feni haikufungwa moja kwa moja. Katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Hewa inayotoka kwa radieta ikiwa baridi, klachi inateleza. Ikipata moto, inashika. Kwa hiyo hesabu ya kwamba feni inakula nguvu ileile saa zote haisimami.

Pili, umeme hautoki mbinguni. Feni kubwa inaweza kuvuta ampea 30, karibu wati 400. Alternata inayotoa umeme huo inazungushwa na nini? Mkanda.

Tatu, njia yetu. Toka Sake, panda Mushaki na mzigo: gia ya pili, injini inalia, gari linatambaa. Upepo wa mwendo hakuna. Feni ya mkanda inazunguka haraka juu injini inazunguka haraka. Ya umeme inabaki na mwendo wake uleule, na waya ukilegea kwa mitikisiko ao relei ikiungua, dereva anaweza kujua wakati mvuke umeshatoka. Tena tuko kwenye mita 1,500 hivi: hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko pwani, na maji ya sufuria yanachemka kwenye digrii 95.

Wengine wanasema: mbona taksi ndogo zote ziko na ya umeme? Juu injini zake zimelazwa kwa upana, na shimo la mkanda haliangalii radieta. Ni mambo ya nafasi.

Ubaya mkubwa wa wazo hili ni kulaumu feni wakati ugonjwa uko kwingine: kifuniko cha radieta kilichochoka, klachi iliyovuja silikoni, ao radieta iliyojazwa maji ya Ziwa Kivu. Maji hayo yana madini mengi, yanaacha ukoko ndani ya mirija. Feni gani itapuliza ukoko?

Pikapu ya kuzunguka mjini, yenye alternata ya nguvu, inaweza kubadilishwa bila hasara kubwa. Ile inayoshusha viazi na jibini ya Masisi, pesa yake inunue kifuniko kipya, maji ya dawa ya radieta, na klachi nzima. Gari likikufa mlimani usiku, na watu wamekaa juu ya mzigo, hakuna atakayeuliza feni ilikuwa ya kisasa ao hapana.

Wenye kupanda Mushaki kila juma, semeni: nimekosea wapi?