Korona: Kiwanda Kilichofuata Maji

Mkonge ni mmea wa ukame. Kiwanda chake ni cha maji. Bila kushika tofauti hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini mashamba ya mkonge ya Upare yalikaa Kisangara, chini ya safu ya Ugweno na Usangi, au Makanya na Ndungu upande wa Same. Tambarare hizo hazina mvua ya kutosha, lakini ziko miguuni pa milima yenye misitu inayotiririsha mito.

Mmea wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipita Makanya, Same na Kisangara. Usafiri ukapatikana. Kazi iliyobaki ilikuwa kutoa singa, yaani nyuzi, ndani ya jani.

Mashine za kwanza, raspada, zilikuwa na ngoma moja inayozunguka, yenye visu butu. Mfanyakazi alishika jani, akaliingiza nusu, akalivuta, akaligeuza na kuingiza nusu ya pili. Kazi ilikwenda polepole, na vidole vilikuwa hatarini muda wote.

Mashine iliyofuata, korona, iliondoa mkono wa mtu kwenye ngoma. Majani hupangwa kwa ulalo juu ya meza inayotembea, kisha hubanwa katikati na kamba au minyororo. Ngoma ya kwanza huponda upande mmoja. Kabla jani halijaachiwa, mbano wa pili hulidaka kwenye sehemu iliyokwisha safishwa, na ngoma ya pili humaliza upande uliobaki. Ufundi wote uko kwenye kupokezana huko: jani halisimami wala halianguki, na mashine moja hula maelfu ya majani kwa saa.

Visu havikati. Huponda nyama ya jani, na maji yanayorushwa kwa nguvu ndiyo yanayoikokota itoke. Maji yakipungua, utomvu hukaukia kwenye singa, rangi inafifia na daraja linashuka sokoni. Ndiyo maana pia majani hayawezi kulala siku nyingi baada ya kukatwa. Kutoka hapo singa huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja na kushindiliwa kuwa robota la kilo 250.

Sasa tupige hesabu. Singa ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, kwa hiyo robota moja linadai zaidi ya tani sita za majani. Korona inaweza kutumia hadi lita 100,000 za maji kwa tani moja ya singa, yaani lita 25,000 kwa robota. Maji hayo hutoka yakiwa machafu, yamebeba karibu jani zima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ilipokuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, bei ililipa gharama zote na maji yalionekana ya bure. Kamba za plastiki zilipoteka soko, hesabu ikageuka. Maji nayo si ya bure tena: leo, Ndungu kuna skimu ya mpunga inayotegemea mto Yongoma, na vijiji vya chini navyo vina mabomba na mifereji.

Huko Hale, wilayani Korogwe, mabaki ya korona yamewahi kutumika kuzalisha gesi na umeme. Wakulima wadogo nao wanarudia raspada, zinazohitaji maji kidogo. Njia zote mbili zina kasoro: mtambo wa gesi unataka mtaji, na raspada inarudisha vidole karibu na ngoma. Lakini anayetaka kufufua mkonge Upare aanze kwa kupima mto wakati wa kiangazi, ndipo achague mashine. Wajenzi wa korona walianza na mashine, kwa sababu aliyeko chini ya mto hakuulizwa.