Hongo na Mizimu ya Ungoni: Dini ya Majimaji katika *Kinjeketile*

Katika *Kinjeketile* (1969), Ebrahim Hussein alikabili tatizo la kila mtunzi wa kazi ya kihistoria: namna ya kuijenga upya imani ambayo waumini wake hawakuiacha katika maandishi. Hakuliziba pengo hilo kwa kurundika matambiko jukwaani. Alichagua tukio moja, la Kinjeketile kuzama mtoni na kuibuka mkavu akiwa na ujumbe wa Hongo, kisha akaujaza ujumbe huo utata. Hongo anaahidi kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Kinjeketile anapozinduka anatambua kuwa ahadi hiyo ni kubadilishana bwana mmoja kwa mwingine. Hivyo imani si pambo la mandhari, bali ndiyo inayozaa mgogoro.

Ufanisi huo, hata hivyo, umejenga mazoea ya kuichukulia dini ya Rufiji kuwa dini ya vita vyote vya Majimaji. Kosa si la Hussein, aliyetahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa. Ni la usomaji unaoigeuza tamthilia kuwa ushahidi.

Songea inayakanusha mazoea hayo. Huko maji yaliletwa mwaka 1905 na mjumbe mgeni, Kinjala. Yaliwakuta Wangoni wakiwa na mizimu ya mababu zao na fahari ya ushindi wa kivita, huku misheni ya Wabenedikto ikiwa Peramiho tangu 1898. Nkosi Mputa Gama na Nduna Songea Mbano hawakupandwa na Hongo. Walikuwa viongozi waliopima dawa ya wageni. Kwao swali halikuwa pepo amesema nini, bali mwenye mizimu yake aiamini dawa ya mgeni kwa kiasi gani.

Tofauti hiyo inabadili hata hitimisho la hadithi. Kinjeketile wa Hussein anakataa kuyakana maji mbele ya kifo. Songea, katika manyongo yaliyoanza tarehe 27 Februari 1906, baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa kabla ya kunyongwa. Mizimu, maji na ubatizo vilikutana gerezani. Mtunzi atakayewafanya wafungwa hao wazungumze kwa kauli ya Hongo atakuwa amewapa ushujaa wa kuazima, na kuwapokonya mgogoro uliokuwa wao wenyewe.