Usiulize K ngapi, uliza megabiti ngapi

Kila mwaka kuna mtu anaizika diski. Hoja huwa ni moja: Blu-ray imekufa, kwani mtandaoni si kuna 4K ileile? Kuhusu biashara, hoja hiyo ina ukweli. Netflix walituma DVD yao ya mwisho kwa posta Septemba 2023, baada ya miaka 25. Samsung waliacha kuleta deki mpya za Blu-ray Marekani mwaka 2019, na Sony wakaacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia Februari 2025. Soko linasinyaa, hilo tusibishane. Ninalolipinga ni hilo neno "ileile".

Chukua kalamu tupige hesabu. Picha moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3. Filamu za 4K kwa kawaida huhifadhiwa kwa wastani wa biti 15 kwa kila pikseli, na picha ni 24 kila sekunde. Zidisha: unapata karibu gigabiti 3 kwa sekunde. Hakuna bando la kubeba mzigo huo, kwa hiyo lazima video ibanwe. Netflix wanapendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K. Maana yake ni kwamba kila biti 200 za mwanzo, inakufikia kama moja tu. Diski ya Ultra HD Blu-ray inaweza kubeba hadi gigabaiti 100 na kusoma hadi megabiti 128 kwa sekunde. Hata filamu ikitumia 60 tu, imebanwa mara 50. Pikseli ni zilezile, ila kilichomo ndani yake si kilekile.

Nafasi hiyo yote kwenye kisahani cha sentimita 12 imetokana na fizikia ya mwanga. Leza ya CD ina urefu wa wimbi wa nanomita 780, ya DVD 650, na ya Blu-ray 405. Wimbi likiwa fupi na lenzi ikiwa kali zaidi, doa la mwanga linakuwa dogo, na vishimo vya data vinasogeleana. Ndiyo maana tabaka moja limetoka gigabaiti 4.7 za DVD hadi 25.

Sasa, kubana kunaonekana wapi? Programu ya kubana video haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi kilichobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, halafu inatupa kile inachodhani jicho halitakikosa. Mtu akiwa amekaa anaongea, kazi ni rahisi. Ukileta moshi, mvua, mawimbi ya bahari au chumba chenye giza, kila kitu kinabadilika kwa pamoja na biti hazitoshi. Hapo ndipo unaona vile vijiboksi kwenye weusi, au anga la jioni likikatika mistari mistari badala ya kufifia taratibu.

Wauzaji wa televisheni hawakwambii jambo hili: jicho lenye afya linatofautisha vitu vilivyoachana kama dakika moja ya nyuzi, yaani moja ya sitini ya digrii. Kwenye TV ya inchi 32 ukiwa umekaa mita 3, pikseli za HD ya kawaida tayari ni ndogo kuliko hapo. 4K haikuongezei kitu. Lakini vijiboksi vya kubana ni vikubwa kuliko pikseli, kwa hiyo hivyo unaviona! Ndiyo maana HD ya diski inaweza kupendeza kuliko 4K ya mtandaoni. Kwa haki, kodeki mpya kama AV1 zinafanya kazi nzuri zaidi kwa biti chache, na kwenye simu tofauti yote hii inapotea.

Suala la pili ni umiliki. Desemba 2023 Sony waliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvinunua vingeondolewa. Wiki chache baadaye wakarudi nyuma, ila somo lilibaki. Tangu Januari 2025, sheria ya California inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kueleza wazi kwamba unapewa leseni tu. Yaani serikali imelazimika kufafanua kitenzi.

Usidhani diski ni malaika. Blu-ray ina kufuli za kidijitali na mipaka ya kanda: Afrika tuko kanda B pamoja na Ulaya, kwa hiyo diski ya Marekani iliyofungiwa kanda A inaweza kukataa kabisa kwenye deki yako. Lakini ikishakuwa mkononi, hakuna anayeifuta usiku umelala.

Kwetu Blu-ray haikuwahi kushika. Tulitoka kwenye kanda za VHS, tukaja VCD na DVD, tukarukia flashi. Filamu nyingi za Bongo Movie za miaka ya 2000 zilitoka kwa VCD na DVD, na si zote zilizohamia mtandaoni. Kwa filamu kama hiyo, kile kisahani chenye mikwaruzo kwenye droo ya kabati la TV huenda ni miongoni mwa nakala chache zilizobaki. Diski za kuchoma nyumbani ndizo za kuwahi zaidi, kwa sababu rangi inayoshika data inaharibiwa na joto na mwanga.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa muvi ya Ijumaa usiku, tiririsha bila wasiwasi. Kwa filamu unayotaka wanao waikute, usimwachie mtu mwingine funguo. Na kabla hujatupa zile DVD za zamani, angalia kwanza kama filamu hiyo ipo popote pengine. Kama haipo, tafuta kompyuta yenye sehemu ya diski uinakili mapema, na nakala zisiwe moja.