Mlima, Mapambazuko na Kamera

Picha ya Mlima Kilimanjaro wakati wa mapambazuko ni mojawapo ya picha zinazojulikana mno nchini mwetu. Tunaikuta ofisini, hotelini, katika vyumba vya kupokelea wageni, na juu ya kalenda ambazo mwaka ukiisha hukatwa tarehe zake, picha ikabaki ukutani. Kwa kawaida picha yenyewe huwa hivi: theluji ya Kibo imeiva rangi ya waridi, mbingu ina rangi ya zambarau, na chini kabisa pana ukanda mweusi usioonyesha kitu. Mtazamaji huisifu, akapita. Sisi twataka kusimama mbele yake kidogo na kuiuliza maswali ambayo mhakiki huliuliza shairi: ni nani anayesema, amesimama wapi, amesema nini, na amenyamazia nini?

Maswali haya hatukuyapata vitabuni. Tulianza kuyajali baada ya kuaibika. Mwaka 1998, tukiwa watumishi Dar es Salaam, tulitunga shairi la kuusifu mlima huo hali hatujapata kuufikia. Ukutani mwa ofisi yetu palikuwa na kalenda yenye picha ya mlima mweusi na jua likichomoza nyuma yake. Kwa hiyo tukalitunga jua letu likiwa limebebwa mgongoni mwa Kibo kama mwana katika mbeleko, na watu wa Moshi wakiamka kumtazama. Vina vilikaa sawa, mizani ikatimia, nasi tukaridhika.

Miaka mitatu baadaye tulihamishiwa mkoani Kilimanjaro kikazi. Mwalimu mmoja wa sekondari akatualika tuwasomee wanafunzi wake shairi lile. Tulipokwisha, kijana mmoja alisimama, akaamkia, kisha akasema: “Shikamoo, mzee. Shairi ni zuri. Lakini hapa kwetu jua halitoki nyuma ya Kibo. Hutokea upande wa Himo na Rombo.” Tulimjibu kwamba mshairi ana uhuru wake. Darasa likanyamaza kwa adabu, na mwalimu akageuza mazungumzo. Usiku ule hatukulala vizuri. Alfajiri tukatoka nje, tukaelekea kaskazini uliko mlima, na jua likachomoza kuliani kwetu, mbali kabisa na Kibo, kama kijana alivyosema.

Kalenda haikuwa imesema uongo. Aliyeipiga picha ile alisimama magharibi ya mlima, pande za Siha, na kwa mtu aliye huko jua hutokea nyuma ya Kibo kweli. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulichukua pembe moja ya mtu mmoja tukaifanya kuwa mlima mzima, kisha tukawavisha watu wa Moshi macho yasiyo yao. Tangu siku hiyo hatuitazami picha ya mlima bila kutafuta kwanza mahali miguu ya mpiga picha ilipokuwa.

Hebu basi tuitazame kazi yenyewe, maana hatuwezi kuihukumu sanaa tusiyojua taratibu zake. Jua likiwa chini, mwanga wake husafiri katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Njiani rangi ya buluu hutawanyika, na ile nyekundu na ya machungwa hufika. Ndiyo sababu theluji nyeupe huonekana kuiva. Kibo kina urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya kimo hicho hupata jua dakika kadhaa kabla ya watu walio bondeni. Kwa dakika hizo kilele huwaka nasi tungali katika kiza.

Lakini dakika zenyewe ni chache. Vitabu vingi vya kufundishia upigaji picha vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako jua hupanda kwa mshazari na rangi za asubuhi hukawia. Kilimanjaro iko digrii 3 tu kusini ya ikweta. Hapa jua hupanda karibu wima, digrii 1 kila dakika 4, na kabla mtu hajamaliza kurekebisha kamera yake rangi ya waridi imekwisha kuwa nyeupe. Tena haifai kungoja mchana. Joto likipanda, unyevu wa msituni hupanda nao, mawingu yakajikusanya, na mara nyingi kabla ya adhuhuri mlima huwa umefunikwa. Kwa hiyo anayetaka kuupiga picha huamka alfajiri kwa lazima, kama anavyoamka mvuvi afuataye maji.

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji hulijua bila kufundishwa. Jua halitokei mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi wa Desemba hutokea kusini kidogo ya mashariki, na miali yake huupiga ubavu wa kusini wa Kibo, ule unaoonekana kutoka Moshi. Mwezi wa Juni hutokea kaskazini ya mashariki, na ubavu huo hukaa kivulini muda mrefu zaidi. Aliyesimama Amboseli, nchini Kenya, huona kinyume chake, kwa kuwa yeye hutazama kusini na jua humtokea kushotoni. Mlima ni mmoja, lakini asubuhi zake ni nyingi, na mpiga picha hodari ni yule ajuaye anaipiga asubuhi ipi.

Sasa tufike penye mandhari pana, yaani ile picha ndefu inayoukusanya mlima wote kutoka ncha hadi ncha. Hiyo hupatikana kwa kuweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu iliyo sawasawa, kisha kupiga picha kadhaa mfululizo huku kamera ikigeuzwa kidogo kidogo, kila picha ikiingia ndani ya mwenzake kwa sehemu ya robo au theluthi, ili baadaye ziunganishwe. Aliye na haraka hutumia lenzi pana na kupiga mara moja; lakini lenzi hiyo huudogosha mlima, ukaonekana kichuguu chini ya mbingu kubwa. Mwingine hutumia lenzi ndefu inayokivuta Kibo karibu. Huyo naye hukata kila kilichopo pembeni.

Tukiruhusiwa kusema kishairi, picha ya lenzi ndefu ni ubeti mmoja, na mandhari pana ni utenzi. Ubeti una haki ya kuchagua jambo moja. Utenzi una wajibu wa kusimulia kisa chote. Na kisa cha Kilimanjaro hakiwezi kusimuliwa kwa Kibo peke yake. Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa; akarudi tena na tena kwa hila, hata Kibo akakasirika akampiga kwa mchi, na ndiyo maana Mawenzi amechongoka hadi leo. Masimulizi haya yameushika mlima kuliko kalenda nyingi, kwa kuwa ndani yake wamo ndugu wawili, pana jiko, na pana ugomvi wa jirani na jirani. Kati ya vilele hivyo viwili pana umbali wa karibu kilomita 11. Mpiga picha anayemwacha Mawenzi nje amekata kisa katikati.

Tuna mfano mzuri katika historia ya sanaa hii, nao hauko mbali nasi. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alifika milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, katika msafara wa Mtawala wa Abruzzi. Alikuwa amekwisha kupiga picha milima ya Kaukazi na ya Alaska, na alijua kuunganisha picha zake zikawa mandhari moja ndefu. Ukizitazama kazi zake unaona kwamba hakuupamba mlima. Kila kilele kiko mahali pake, kila ufa wa barafu unasomeka, na mawingu yamewekwa penye mawingu. Huo ni ukweli wa kiwango cha juu, na tunapaswa kuuheshimu hata kama aliyeubeba alikuja pamoja na mabwana wa enzi ile. Hata hivyo mzigo wa vyombo vya misafara kama ile ulibebwa na wapagazi Waafrika, na wapagazi hao hawamo katika mandhari yale ya barafu. Kamera iliwaona wakipanda, ikawasahau ilipofika juu.

Hapo ndipo penye lawama yetu kubwa juu ya picha zetu za leo. Tuurudie ule ukanda mweusi ulio chini ya theluji. Kwa nini ni mweusi? Kwa sababu kamera haiwezi kushika mwanga mkali wa theluji na kiza cha bondeni kwa pamoja. Mpiga picha hana budi kuchagua, na karibu siku zote huchagua theluji. Lakini weusi ule umejaa watu. Humo mna vihamba vya migomba na kahawa, mna mifongo inayoleta maji kutoka mtoni hadi mashambani, iliyochimbwa na mababu kwa mikono. Saa ileile theluji inapoiva, akina mama wamekwisha kuwasha moto, ng’ombe zizini anangoja majani yaliyobebwa kichwani kutoka mbali, na wanafunzi wako njiani kwenda shule. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Picha zetu zimefanya kinyume: zimeikutanisha milima na kuwafukuza binadamu.

Huenda mtu akatujibu kwamba haya ni matakwa ya mtumishi wa serikali, na kwamba sanaa haipewi orodha ya mambo ya kuonyesha. Tunaikubali nusu ya hoja hiyo. Hatusemi kila picha ya mlima iwe na mkulima mwenye jembe amesimama pembeni kama aliyeitwa kuhesabiwa. Picha ya namna hiyo ni baridi kuliko barafu yenyewe. Tunalosema ni kwamba mtu anayechagua ajue kwamba amechagua. Ziko njia. Anaweza kungoja dakika kumi zaidi, mwanga ukateremka hadi migombani. Ataikosa waridi kamili, lakini ataupata moshi wa majiko ukipanda kati ya majani. Anaweza kutumia kichujio cha kioo kilichotiwa kiza nusu yake ya juu, kikapunguza ukali wa theluji. Anaweza kupiga picha mbili, moja kwa ajili ya juu na moja kwa ajili ya chini, akaziunganisha. Hivyo ufundi upo. Uliopungua ni upendo wa kutaka kujua ni nani anayeishi ndani ya kiza kile.

Liko pia jambo la ushahidi. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga mlima picha za kupimia, na kutokana nazo ikachorwa ramani ya barafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha hali hiyo na ile ya mwaka 2007, ukaonyesha kwamba asilimia 85 hivi ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 limetoweka. Tusingeliweza kulijua jambo hilo kwa uhakika kama wapigaji wale wangalijali rangi ya waridi tu. Wakati huohuo ziko kalenda zinazoendelea kuchapa kofia nene ya theluji iliyopigwa zamani, bila kutaja mwaka. Msomaji hudanganyika kwamba mlima haujabadilika. Picha isiyo na tarehe, ya kitu kinachopungua, ni kama barua ya mtu mgonjwa inayosema hajambo.

Mlima huu si pambo tu katika historia yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru vilisimamishwa kileleni na Alexander Nyirenda, na tangu hapo kilele hicho chaitwa Uhuru. Kilichotakiwa siku ile ni mwanga uonekane na watu walio chini. Ingekuwa ajabu ikiwa sisi, tuliopandisha mwanga ule kwa ajili ya watu, tutaridhika na picha zinazowaacha watu haohao gizani.

Kwa walimu tunatoa ombi dogo. Leteni darasani picha moja ya mlima au ya kilima chochote kilicho karibu na shule yenu. Waulizeni wanafunzi aliyeipiga alisimama wapi, saa ngapi, mwezi gani, na nini kimefichwa na kivuli. Kisha watoke asubuhi wakahakikishe wenyewe. Siku hizi wapo wenye simu zinazopiga picha pana kwa kugeuza mkono tu. Vyombo vipo, yaliyobaki ni macho. Nyota njema huonekana asubuhi, walakini huonekana na yule aliyekwisha kuamka.

Na sisi je? Shairi letu tulilifungua upya mwaka ule ule wa kuaibika. Ubeti wa jua mgongoni mwa Kibo tuliuondoa, ingawa vina vyake tulivipenda. Mahali pake tukalitoa jua upande wa Himo, likaangukia theluji kwanza, kisha migomba, kisha njia ya shule penye kijana mwenye madaftari kwapani. Mizani ilitusumbua kwa wiki mbili. Tulipokwisha tukampelekea mwalimu nakala, tukimwomba ampe kijana yule aikague.