Sitara Iliyotoboka: Suala la Uhalisia katika Uchoraji wa Michael Armitage

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki kazi za Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea sanaa jijini London, kwanza katika Slade School of Fine Art na baadaye katika shule ya Royal Academy. Swali linaloongoza uhakiki huu ni moja: je, mchoraji huyu anastahili kuitwa mwanauhalisia? Huenda swali likaonekana dogo, la kupanga majina tu. Hata hivyo, jibu lake lina uzito. Armitage huchora matukio yaliyotokea kweli, yenye mahali na tarehe, na wengi wa walioumizwa katika matukio hayo bado wanaishi miongoni mwetu. Tukisema kuwa kazi zake ni njozi, tunaupuuza ushahidi wao. Tukisema kuwa ni uhalisia, inatubidi tueleze namna nyani wanaoketi kama binadamu na miili yenye rangi zisizo za ngozi ya mtu yeyote walivyoingia humo.

Hoja ya makala haya ni kwamba uhalisia wa Armitage hautokani na kufanana kwa sura. Unatokana na mvutano kati ya kusitiri na kufichua, na mvutano huo huanzia katika kitambaa anachokichorea, kabla hata rangi haijapakwa.

2.0 Lubugo kama Kitambaa cha Sitara

Armitage hatumii turubai la kawaida. Hupaka rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa kinachotengenezwa na Baganda kutokana na gome la ndani la mti wa mutuba. Gome huvunwa wakati wa mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali mpaka lilainike na kupata rangi ya udongo mwekundu. Mti haukatwi, bali huachwa uote gome jingine. Katika utamaduni wa Buganda, kitambaa hiki huvaliwa katika sherehe za kifalme na pia hutumiwa kuwazika wafu. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Armitage alikutana na lubugo katika soko la watalii jijini Nairobi. Jambo hili si la kupita nalo haraka. Kitambaa cha kuwasitiria wafu kilikuwa tayari kimegeuzwa bidhaa ya mgeni kurudi nayo kwao. Mchoraji hakukirudisha katika heshima yake ya awali, wala hakuificha safari hiyo. Alikichukua kikiwa na historia zote mbili, ya maziko na ya biashara, akakifanya uwanja wa picha zake.

Kiufundi, lubugo humsumbua mchoraji. Uso wake hauna usawa, una makovu na matundu, na vipande vyake huunganishwa kwa kushonwa. Turubai lililoandaliwa vizuri hunyamaza chini ya rangi, lakini lubugo hainyamazi. Tundu linaweza kuangukia kwenye shavu la mtu aliyechorwa, au mshono ukapita katikati ya mbingu. Katika fikra za Waswahili, sitara ni nguo na ni heshima pia: kumsitiri mtu ni kumfunika mwili na kumfunikia aibu. Lubugo ya Armitage ni sitara iliyotoboka. Inafunika, na papo hapo inaonyesha kuwa kufunika hakukukamilika.

3.0 Mwili Uliovuliwa: #mydressmychoice

Mchoro unaoipima hoja hii kwa ukali zaidi ni #mydressmychoice wa mwaka 2015. Msingi wake ni tukio la Novemba 2014, ambapo mwanamke mmoja alivuliwa nguo na kundi la wanaume hadharani jijini Nairobi kwa madai kwamba mavazi yake hayakuwa ya heshima. Video ya tukio hilo ilisambazwa, na wanawake wakaandamana wakidai haki ya kuchagua mavazi yao. Jina la mchoro linatokana na kaulimbiu ya maandamano hayo.

Katika mchoro, mwanamke aliye uchi amelala, na mkao wake unakumbusha Venus wa Velázquez, kazi ya karne ya 17 inayohifadhiwa katika National Gallery jijini London. Velázquez alimpa Venus wake kioo kilichoshikwa na Kupido. Armitage anampa mwanamke wake miguu ya wanaume waliosimama wakitazama. Kwa mpangilio huo, anayeutazama mchoro huwa anaufunga mduara: wanaume wako upande wa pili wa mwili, naye yuko upande huu. Hapewi mahali pa kusimama pasipo na lawama.

Pingamizi la msingi hapa ni kwamba mchoro unarudia kosa unalolilaani, kwa kuwa mwanamke aliyevuliwa nguo mbele ya umma mmoja anawekwa tena uchi mbele ya umma mwingine. Pingamizi hili lina nguvu, na urembo wa rangi hauwezi kulijibu. Kwa hakika, urembo huo unalizidisha, kwa sababu mkao wa Venus ulibuniwa ili upendeze macho. Jibu, kwa kadiri lilivyopo, limo katika kitambaa. Mwili huo umechorwa juu ya nguo ambayo kazi yake ya asili ni kumsitiri asiyeweza tena kujisitiri. Video ilichukua bila kurudisha chochote, ilhali mchoro unarudisha nguo, ingawa ni nguo yenye matundu. Makala haya hayadai kuwa deni limelipwa. Yanadai kuwa mchoro unalikiri deni hilo, na kukiri huko ndiko kunakoutenga na picha za kusisimua tu.

4.0 Kutoka Uhalisia hadi Uhalisiajabu

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ana msamiati wa kulielewa jambo hili. Njia aliyoipita Euphrase Kezilahabi kutoka Rosa Mistika (1971) hadi Nagona (1990) iliwalazimu wahakiki kukubali kwamba ukweli wa jamii unaweza kusimuliwa kwa njia isiyofuata mantiki ya kila siku, na istilahi ya uhalisiajabu ikapata nafasi katika uhakiki wetu. Kazi za Armitage zinaisogeza istilahi hiyo hatua moja mbele, kwa sababu ajabu yake mara nyingi hutanguliwa na utafiti wa aina ya uandishi wa habari.

Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, alihudhuria mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park akiwa na kikosi cha televisheni. Kutokana na safari hiyo alichora mfululizo wa picha, zikiwemo The Fourth Estate na Mkokoteni, na baadhi ya picha hizo zilionyeshwa katika maonyesho ya Venice mwaka 2019. Katika The Fourth Estate, watu wamepanda mti ili waone mkutano. Aliyewahi kufika kwenye mikutano ya siasa ya Afrika Mashariki atalikubali hilo bila kuhitaji maelezo. Anayezijua kazi za Goya ataikumbuka chapa yake ya watu walioketi juu ya tawi. Mchoraji hakulazimika kubuni ajabu, maana ilikuwa tayari mtini.

Ndivyo ilivyo pia kwa mchoro wa mwaka 2022 ambao jina lake linataja amri ya kutotoka nje, Likoni, na tarehe 27 Machi 2020. Siku hiyo, ya kwanza ya amri hiyo nchini Kenya, polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi wananchi waliokuwa wakisubiri feri mjini Mombasa. Jina la mchoro limeandikwa kama ingizo katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Picha inaweza kupinda miili na rangi, lakini tarehe haipindiki. Huo ndio uhalisia unaodaiwa hapa: umbo lina uhuru, tukio halina.

5.0 Athari na Nasaba

Wahakiki wengi huanza na Goya, Velázquez, Titian na Gauguin. Orodha hiyo si ya uongo, ila ni nusu ya nasaba. Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere na kisha Slade katika miaka ya 1950, akaendelea kuchora maisha ya Wachaga wakilima, wakivuna na wakienda harusini. Elimo Njau alichora maisha ya Kristo katika mazingira ya Kiafrika kwenye kuta za kanisa la Murang'a, kazi aliyoikamilisha mwaka 1959. Kanisa hilo ni kumbukumbu ya waliouawa wakati wa hali ya hatari. Hapo ipo tayari mbinu tunayoiona kwa Armitage, yaani kuuweka msiba wa karibu ndani ya umbo la kale ili uweze kutazamwa.

Armitage mwenyewe ameikiri nasaba hii kwa vitendo. Maonyesho yake yaitwayo Paradise Edict, yaliyofunguliwa Haus der Kunst jijini München mwaka 2020, yaliambatana na sehemu yenye jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho, iliyowakusanya wachoraji wa Afrika Mashariki. Yalipofika Royal Academy mwaka 2021, kazi za Njau, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Sane Wadu na Meek Gichugu zilikuwemo pamoja na zake.

6.0 Mahali pa Kutazamia

Udhaifu mkubwa zaidi unaomhusu Armitage hauko ndani ya michoro. Uko katika mahali inapoonekana. London, Venice, New York, München na Basel zimeziona kazi zinazohusu Uhuru Park na Likoni kwa wingi kuliko wakazi wa Nairobi na Mombasa. Mwaka 2019 mchoro wake mmoja, The Conservationists, uliuzwa mnadani New York kwa takriban dola za Marekani milioni 1.5. Kwa bei ya aina hiyo, ni vigumu kwa jumba la umma la Afrika Mashariki kuununua. Ushahidi unaotolewa mbali na kijiji cha aliyedhulumiwa hubaki ushahidi, lakini mashahidi wengine hawawezi kuuthibitisha wala kuukanusha.

Kuanzishwa kwa Nairobi Contemporary Art Institute mwaka 2020, taasisi ambayo Armitage ndiye mwasisi wake, ni jibu la maana kwa tatizo hili. Hata hivyo, ni jibu la mwananchi kuliko la mchoraji: linawapa wachoraji wengine nyumba, ilhali michoro yake mikubwa ingali ughaibuni.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejenga hoja kuwa Armitage ni mwanauhalisia kwa maana mahususi: huchora tukio lenye tarehe, juu ya kitambaa cha sitara, na huyaacha matundu ya kitambaa hicho yaonekane. Kipimo cha kazi yake kisiwe kufanana kwa sura, bali iwapo mchoro unakiri deni lake kwa mtu aliyechorwa. Kwa kipimo hicho, #mydressmychoice unafaulu kwa taabu, na taabu yenyewe ni sehemu ya ukweli wake. Linalosalia kwa watafiti ni kuipeleka michoro hii, hata kwa nakala, mbele ya watu wa Nairobi na Likoni, na kuandika wasemayo. Mpaka hilo lifanyike, uhakiki wetu nao utabaki na tundu, na ni vyema tusilizibe kwa maneno.