Haki, Busara na Kutobagua: Uhakiki wa Ahadi ya Wenye Hataza za Simu

Makala haya yanahakiki maneno matatu tu. Sera ya ETSI, taasisi ya Ulaya inayoratibu viwango vya mawasiliano, humtaka mwenye hataza isiyokwepeka katika kiwango fulani aahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki, ya busara na yasiyobagua. Bila ahadi hiyo, mmiliki mmoja angeweza kuzifungia simu za wengine zisiwasiliane na mnara.

Msomaji wa Kiswahili hulifahamu neno mrabaha zaidi kupitia madini, ambako asilimia hutozwa juu ya mali inayoonekana na kupimika. Katika simu, hataza ni maelfu na wenye nazo ni wengi, hivyo swali huwa: asilimia ya nini? Tuuchukue mwalo wa Kabwe, wilayani Nkasi. Mbunifu wa wavu bora akidai sehemu ya bei ya wavu, hoja yake inaeleweka. Akidai asilimia ya bei ya mtumbwi mzima, pamoja na injini na taa, anadai pia jasho la wengine. Wateteaji wake watasema mtumbwi usio na wavu haurudi na mgebuka. Jibu hilo lina uzito, ila mwenye injini naye angeweza kusema vivyo hivyo.

Qualcomm imechagua mtumbwi mzima. Kwa hataza zake za lazima katika simu za 5G zinazotumia pia teknolojia za awali, ilitangaza kiwango cha asilimia 3.25 ya bei ya jumla ya simu, na mwaka 2018 ikaweka ukomo wa hesabu kwenye dola 400. Kwa kanuni hiyo, simu ya dola 150 hutozwa takriban dola 4.88, yaani asilimia 3.25 kamili. Simu ya dola 1,000 hutozwa dola 13, ambazo ni asilimia 1.3 tu. Ni kweli kwamba simu ghali hulipa fedha nyingi zaidi. Hata hivyo, kwa mtazamo wetu, ukomo huo unampunguzia mzigo mnunuzi asiyehitaji kupunguziwa, na neno "kutobagua" linabaki jina tu.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ililisoma neno hilo kwa upana wa kutosha kulilegeza. Katika shauri la Unwired Planet na Huawei, lililoamuliwa Agosti 2020, Huawei ilitaka kiwango nafuu ambacho Samsung ilikuwa imepewa. Mahakama ilikataa: maneno yale matatu ni wajibu mmoja, na hayampi kila mwombaji haki ya bei nafuu kuliko zote. Tafsiri hiyo inafaa biashara, lakini inaifanya ahadi iwe ngumu kuvunjwa kwa kuwa imekuwa ngumu kushikwa.

Mgogoro ulio karibu nasi zaidi ni wa mwaka 2024, Qualcomm ilipoishtaki Transsion huko Delhi, India. Transsion ndiyo mtengenezaji wa Tecno, Itel na Infinix, simu zilizotapakaa Afrika Mashariki. Qualcomm ilidai kwamba bidhaa nyingi za kampuni hiyo hazina leseni. Mdai na mdaiwa wote wanafidia gharama zao katika bei. Risiti ya dukani Kabwe huonyesha tarakimu moja. Mgawo wa hataza umo ndani yake bila kutajwa, na anayeilipa hakuwa na wakili Delhi.