Trilioni 424: Neno, Tarakimu na Tafsiri

Mwezi Julai 2017 magazeti yetu yaliandika kwamba kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, inadaiwa kodi, adhabu na riba zifikazo "Sh424 trilioni". Madai yenyewe yalitajwa kwa dola: bilioni 190. Hatukusudii kuamua hapa nani alikuwa na haki. Linalotushughulisha ni jinsi namba hiyo ilivyosemwa kwa Kiswahili.

Mpangilio wake ni wa Kiingereza. Sisi husema watu elfu tatu, wala si "watu tatu elfu". Basi na iwe shilingi trilioni 424. Hilo ni jepesi kusahihisha.

Zito zaidi ni neno trilioni. Kwetu ni moja yenye sifuri 12. Katika Kifaransa, neno la sura hiyohiyo lina sifuri 18, na trilioni yetu wao huiita bilioni. Mfasiri wa Bukavu asiyelikumbuka jambo hili atalizidisha deni la Kahama mara milioni moja, na hakuna atakayemshtukia, maana neno litakuwa limeandikwa sawasawa! Uingereza nayo ilikuwa na mkanganyo wa aina hii, hata Serikali yake ikatangaza mwaka 1974 kwamba bilioni ni yenye sifuri 9. Yafaa basi, neno linapotajwa mara ya kwanza, liandamane na tarakimu zake au na kipeo: 424 mara kumi kwa kipeo cha 12.

Istilahi za shule zinatufaa tena hapa. Mwalimu wa Geita aichambue namba hiyo ubaoni kwa vigawo tasa: atapata 2 kwa kipeo cha 15, 5 kwa kipeo cha 12, na 53 mara moja. Vigawo vyake vyote ni 416. Wingi huo hautokani na dhahabu, watokana na sifuri. Katika kila namba trilioni moja zinazofuatana, ni moja tu iishiayo kwa sifuri 12. Kwa hiyo namba ya namna hii ni makadirio yaliyobadilishwa kutoka dola, si hesabu ya shilingi kwa shilingi. Kiswahili kina maneno yapata na takriban. Kuyaacha ni kumwambia msomaji jambo lisilo kweli.

Tena apewe kipimo. Kwa watu 44,928,923 wa sensa ya 2012, fedha hizo ni zaidi ya shilingi milioni 9 kwa kila mmoja.

Oktoba 2019 yalitangazwa mapatano ya Serikali na kampuni ya Barrick: dola milioni 300, kiasi kisichofika sehemu moja ya mia sita ya zile bilioni 190. Aliyesikiliza redioni alitenganishiwa m na b tu.